Gesi ilipungua baada ya kumtibu ng'ombe: je, ninunue unga wa bakteria?

"Daktari, habari. Niko Bahati, Nakuru, nina ng'ombe watatu wa maziwa ninaowafungia zizini. Mtambo wetu wa baiogesi ni wa kuba, mita za ujazo 8, uko chini ya ardhi, na kwa miaka miwili haukunisumbua. Mwezi uliopita ng'ombe mmoja aliugua kiwele, akadungwa sindano na kutiwa dawa kwenye chuchu kwa siku tano. Tangu hapo moto ulififia. Nikaona niongeze chakula, nikaanza kutia ndoo mbili za maganda na viazi vilivyooza kila siku. Sasa hali ni mbaya zaidi, hata nikiwasha kiberiti gesi inapuliza tu bila kushika moto. Pia kila Jumamosi humwaga Jik zizini kwa sababu naogopa bakteria. Kuna kijana anauza unga wa bakteria shilingi 3,500 na anasema dawa iliua bakteria wote mtamboni. Mwanangu wa kidato cha tatu anasema gesi haitengenezwi na bakteria bali na arkea, na kwamba dawa za bakteria haziwadhuru. Nani mkweli? Na je, hawa bakteria ni wa kuua au wa kufuga? Mume wangu ameshasema turudie makaa."

Dada, nianze na lililo karibu na mfuko: usiununue ule unga. Na makaa yangoje kidogo. Kwa jinsi ulivyoeleza, mtambo wako haujafa. Umevimbiwa.

Nalitumia neno hilo kwa maana yake halisi. Wengi wetu huuona mtambo kama jiko, au kama tangi la saruji linalotoa gesi. Saruji haitoi kitu. Gesi hutolewa na viumbe hai wasioonekana kwa macho, wanaokula, wanaozaana, wanaoshiba na wanaougua. Wewe hufugi ng'ombe watatu. Unafuga wanne, na huyo wa nne amezikwa uani. Hata viumbe walio tumboni mwake walitoka matumboni mwa wale watatu, wakaingia pamoja na kinyesi. Ndiyo maana fundi alipokujengea hakukuambia ununue mbegu yoyote. Kinyesi kibichi cha ng'ombe mzima kina mbegu yake ndani, kila siku, bure. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kukukataza ule unga wa 3,500.

Sasa mwanao. Mpongeze, maana nusu ya alilosema ni kweli tupu, na ni nusu ambayo watu wazima wengi hawaijui. Hadi mwaka 1977 wanasayansi waliwahesabu viumbe hawa wote kuwa bakteria, kwa sababu chini ya darubini wanafanana. Mwaka huo Carl Woese na George Fox, wakiwa Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani, walilinganisha chembe za urithi wa viumbe hawa na kuonyesha kwamba wale wanaotoa gesi ya methani ni ukoo mwingine kabisa, ulio mbali na bakteria. Ukoo huo ndio unaoitwa arkea leo. Ukuta wa mwili wa arkea haukujengwa kwa ile malighafi ambayo penisilini huishambulia kwa bakteria, kwa hiyo penisilini humpita arkea bila kumgusa. Mpaka hapo kijana yuko sawa.

Alichoacha ni kwamba arkea hali kinyesi. Hawezi. Fikiria safari ya mahindi kutoka shambani hadi sahanini: kuna anayepukuchua, kuna anayesaga, kuna anayesonga, halafu kuna anayekula. Mtamboni, kundi la kwanza la bakteria hukatakata nyuzi za majani ya napia zilizobaki katika kinyesi na kuzifanya sukari. Kundi la pili huigeuza ile sukari kuwa asidi za namna namna. La tatu huzigeuza asidi hizo kuwa asidi ya siki, hewa ya kaboni na haidrojeni. Hapo ndipo arkea huingia, na yeye peke yake ndiye awezaye kumalizia kazi kwa kutoa methani, ile gesi inayowaka kwa rangi ya samawati chini ya sufuria yako. Ukimfukuza anayepukuchua, mlaji atakufa njaa hata kama hakuna aliyemgusa. Antibaiotiki hufanya hivyo hasa: haimchomi arkea, inawaondoa wapishi wake.

Je, siku tano za dawa zinatosha kuuzima mtambo wote? Tupige hesabu. Ng'ombe watatu wa zizini hutoa kama kilo 60 za kinyesi kwa siku. Ukichanganya na maji lita 60, unatia lita 120. Katika mtambo wa mita 8, tope hukaa katika nafasi ya kama lita 6,000, na nafasi inayobaki ni mahali pa gesi kukaa. Kwa hiyo unachotia leo hukaa ndani siku 50 kabla hakijasukumwa nje. Kinyesi cha ng'ombe mmoja aliyetibiwa, kwa siku chache, kiliingia katika bahari hiyo kikazimuliwa. Ni kweli sehemu ya dawa hupita mwilini na kutoka ikiwa bado na nguvu, hasa zile za jamii ya oksitetrasaiklini, nayo inapunguza kazi mtamboni. Ningetarajia moto ufifie wiki mbili tatu kisha ujirudi wenyewe. Nisingetarajia ukatike.

Kilichoukata, nadhani, ni viazi.

Sikulaumu hata kidogo, maana uliona mnyama amedhoofika ukamwongezea chakula, na mfugaji yeyote mwenye huruma angefanya hivyo. Ila wewe mwenyewe unajua kinachotokea ng'ombe akikata kamba usiku na kuvamia gunia la unga wa mahindi. Asubuhi unamkuta amevimba, anaharisha, hataki kula, na wakati mwingine humpotezi kwa bahati tu. Wanga mwingi kwa mpigo huwapa bakteria wa asidi karamu, nao huongezeka maradufu kwa saa chache. Mtamboni ni hivyo hivyo, na huko hali ni ngumu zaidi kwa sababu arkea ni mzito wa kuzaa: humchukua siku kadhaa kuongezeka maradufu. Ndoo ya viazi ikiingia, asidi inatengenezwa kwa kasi kuliko arkea anavyoweza kuila. Asidi ikijaa, arkea huchoka, maana yeye hupenda tope lisilo chungu wala kali, kipimo cha pH cha 6.8 hadi 7.5 (namba ikishuka, asidi imezidi). Likishuka chini ya 6.5 karibu anasimama. Akisimama, asidi hailiwi, inazidi kupanda. Mwezi mzima wa ndoo mbili kwa siku, juu ya wapishi waliokuwa wamepunguzwa na dawa, unatosha kabisa.

Na lile ulilosema, kwamba gesi inapuliza lakini haishiki moto, ndilo linalonifanya niamini hivyo. Bakteria wa asidi nao hutoa gesi, lakini yao ni hewa ya kaboni, ambayo haiwaki. Baiogesi nzuri ina methani kati ya asilimia 50 na 70. Methani ikipungua sana, presha unaiona lakini moto huupati.

Haya nimeyaona nyumbani kwetu Vihiga. Baada ya matanga ya baba yangu kulibaki ugali na wali wa kulisha kijiji kizima, na hatukutaka utupwe. Tukautia mtamboni, sufuria nne kubwa za shughuli, jioni moja. Siku ya pili gesi ilijaa hadi tope likapanda kwenye mdomo wa kutolea, tukafurahi. Siku ya tatu mama aliwasha kiberiti mara sita. Nilipoinama kwenye shimo la kutolea, pua yangu ilikutana na harufu ya siki na matapishi, siyo ile harufu tulivu ya samadi iliyokomaa, na juu ya tope palikuwa na povu jeupe lenye mapovu madogo madogo kama ya busaa. Mama alipikia kuni kwa zaidi ya wiki tatu, na wageni walikuwa bado hawajaisha. Kwa hiyo nenda kwenye shimo lako leo, simama penye upepo, unuse ukiwa umesimama bila kuinamisha kichwa ndani. Ukikuta siki, tumeshampata mgonjwa wetu.

Lakini kabla hujafanya tiba yoyote, hakikisha tatizo haliko kwenye bomba. Mitambo mingi ninayoitwa kuangalia haina ugonjwa wowote wa vijidudu. Maji yamekusanyika tu mahali bomba lilipoinama, au kiungio kimelegea. Fungua koki ya kutolea maji, uyaache yamwagike. Kisha paka povu la sabuni kwenye kila kiungio kuanzia kubani hadi jikoni, uangalie panapotoa mapovu. Tafadhali usitafute uvujaji kwa kiberiti. Methani ikichanganyika na hewa kwa kati ya asilimia 5 na 15 hulipuka, na jikoni penye mlango uliofungwa usiku kucha si mahali pa kubahatisha.

Bomba likiwa zima, nunua vikaratasi vya kupimia asidi kwenye duka la vifaa vya maabara pale mjini, au umwombe mwanao amuulize mwalimu wake wa kemia. Walimu hupenda maswali kama haya. Chovya kwenye tope linalotoka. Ikiwa ni 6.5 au chini, tiba yako ni hii. Maganda ya viazi yakome kabisa. Kinyesi nacho kikome kwa siku nne au tano, tumbo lipumzike. Baadaye rudi na nusu: ndoo moja na nusu ya kinyesi kibichi cha wale ng'ombe wawili wazima, maji kiasi hicho hicho, koroga vizuri hadi mabonge yaishe. Endelea hivyo hadi moto ushike tena, ndipo uongeze kidogo kidogo.

Mbegu utaitafuta kwa jirani. Bahati haikosi mitambo inayofanya kazi. Omba madebe matano hadi kumi ya tope linalotoka kwenye mtambo wenye moto mzuri, na uhakikishe hapo hakuna ng'ombe aliyetibiwa hivi karibuni. Lichukue asubuhi, ulifunike, ulitie kwako siku hiyo hiyo, maana arkea anauawa na oksijeni na hawezi kukaa juani akikungoja. Tope hilo lina wapukuchuaji, wasagaji na walaji waliokwisha kuzoeana. Unga uliokaa kwenye mfuko rafu ya duka kwa miezi, ukapigwa na hewa na joto, ni vigumu sana umbebe mlaji wa namna hiyo akiwa hai. Hata yule kijana akiwa mkweli kuhusu bakteria waliomo, anakuuzia wapishi bila mlaji, na wapishi unao zizini.

Watu watakuambia utie chokaa. Chokaa hufanya kazi, ila mkono ukizidi unaruka kutoka asidi hadi ukali wa upande wa pili, ukawaua uliotaka kuwaokoa. Nikiwa mimi, ningeanza na magadi ya kuokea mikate, robo kilo iliyoyeyushwa kwenye ndoo ya maji, kisha nipime kesho yake kabla ya kurudia. Jivu la kuni nalo husaidia kwa upole. Muhimu kuliko vyote ni subira. Hesabu wiki mbili hadi nne, na Bahati kwenu kuna baridi. Mwezi wa sita na wa saba hata mtambo mzima hupunguza gesi, kwa sababu viumbe hawa hupenda joto la nyuzi 35 na ardhi yenu haifiki hapo. Moto ukirudi vizuri, kinyesi kile cha kilo 60 kinaweza kukupa kama mita za ujazo mbili za gesi kwa siku, yaani saa tano hivi za jiko moja. Githeri itaiva na chai ibaki.

Siku nyingine ukimtibu ng'ombe, kinyesi chake usikitie. Kirundike pembeni, ukifunike kwa majani, kiwe mboji, kuanzia sindano ya kwanza hadi siku kumi hivi baada ya ya mwisho. Ni sababu ile ile inayokuzuia kuuza maziwa yake kabla siku zilizoandikwa kwenye dawa hazijaisha. Wengine hudhani ni ukaidi wa ushirika kukataa maziwa. Maziwa yenye antibaiotiki hayagandi, kwa kuwa bakteria wanaoyagandisha hufa ndani yake, na tangi zima la kutengenezea mala au yoghati linaweza kuharibiwa na debe moja. Majirani zako Wakalenjin wanaojaza mursik kwenye kibuyu kilichopakwa mkaa wa senetwet wanategemea vijidudu hao hao. Na mtu anayekunywa maziwa hayo anaweza kujengewa mwilini bakteria sugu ambao siku moja dawa haitawaweza.

Hapo tumefika kwenye swali lako zito: wa kuua au wa kufuga?

Jibu la kweli ni kwamba jina "bakteria" halikuambii kitu kuhusu tabia, sawa na neno "mnyama." Kuna fisi na kuna mbuzi. Kiwele cha ng'ombe wako kiliumizwa na bakteria, kipindupindu cha Kisumu huletwa na bakteria, na homa ya maziwa mabichi, ile tuiitayo bruselosi, ni ya bakteria. Chemsha maziwa, sitabadilisha neno hilo. Arkea kwa upande wao, mpaka sasa hajapatikana hata mmoja aliyethibitishwa kumtia binadamu ugonjwa. Wale wanaokudhuru ni wachache mno kati ya umati, na kila mmoja ana njia yake ya kuingia. Kazi yako ni kuziba njia, badala ya kupiga umati wote.

Kwa hiyo Jik yako ya Jumamosi inamwagika bure. Klorini ikigusa kinyesi hutumika papo hapo ikaisha kabla haijamfikia mdudu uliyemkusudia, na ile inayobaki hutiririka mtamboni. Mara moja haidhuru sana, lakini kila wiki kwa miaka, pamoja na sabuni na dawa ya kupe, ni kumwekea ng'ombe wa nne sumu kidogo kidogo mdomoni. Sakafu ikwangue na kuiosha kwa maji na ufagio mgumu, uweke matandiko makavu. Jik itumie pale inapofaa: kwenye vyombo vya kukamulia vilivyokwisha kuoshwa vikatakata, na maji yake yaende bustanini mbali, yasiende mtamboni. Kwa kiwele, osha mikono kabla ya kila ng'ombe, tumia kitambaa kimoja kwa ng'ombe mmoja, chovya chuchu kwenye dawa ya chuchu baada ya kukamua, mkamue mgonjwa wa mwisho. Moja ya bakteria wakubwa wa ugonjwa huo husafiri kwa mikono ya mkamuaji kuliko kwa sakafu.

Nikuambie sasa kuhusu pesa, maana mume wako anapiga hesabu ya gesi dhidi ya makaa tu, na gesi siyo faida kubwa kuliko zote. Tim Hutchinson, mkulima wa kahawa aliyejenga mtambo wa kwanza wa baiogesi nchini Kenya mwaka 1957, alipoanza kuwajengea wengine aliwauzia tope kama bidhaa yenyewe, na gesi akaihesabu nyongeza. Alikuwa ameona kahawa yake. Mtamboni naitrojeni haipotei. Sehemu yake hugeuzwa kuwa amonia ambayo mahindi na napia huinywa upesi. Ukiliacha tope juani kwenye shimo wazi, amonia hiyo inapaa hewani, na unachomwaga shambani ni maji meusi. Weka kivuli juu ya shimo, lipeleke shambani jioni, lifunike kwa udongo. Ila usilimwage kwenye mboga za kuliwa mbichi, dania au nyanya za kachumbari, kwa kuwa mtambo wa baridi kama wetu hauui vijidudu vyote vya ugonjwa.

Halafu kuna maharagwe. Ng'oa shina moja linapoanza kutoa maua, polepole, kwa jembe, usilivute. Kwenye mizizi utaona vinundu kama punje za mtama. Kipasue kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani kama nyama, bakteria waitwao raizobia wanaishi humo, wanaichukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mharagwe, nao wanalipwa kwa sukari. Kikiwa cheupe au kijani, hawafanyi kazi. Mholanzi Martinus Beijerinck aliwatenga mwaka 1888, lakini wamekuwa wakiwalisha bibi zetu miaka yote tuliyochanganya mahindi na maharagwe.

Na hapa kuna unga wa bakteria ambao ningekuambia ununue, ukiuhitaji. Chuo Kikuu cha Nairobi kilitengeneza raizobia wa mbegu, na kampuni ya mbolea ya hapa Nakuru ikapewa kibali cha kuwauza. Hubebwa ndani ya tope lililokaushwa la viwanda vya sukari, hupakwa mbegu kwa maji ya sukari au gundi kidogo, na hupandwa siku hiyo hiyo. Kwa soya, hasa kwenye shamba lisilowahi kupandwa soya, mara nyingi unalipa. Kwa maharagwe ya kawaida matokeo hutofautiana. Mharagwe ni mvivu wa kutengeneza naitrojeni ukimlinganisha na kunde au soya. Kwa mahindi haufanyi lolote, hata uambiwe nini. Angalia tarehe, uliza kama umehifadhiwa mahali pa baridi, usiuchanganye na mbegu iliyopakwa dawa ya ukungu wala na mbolea. Unga uliokaa dirishani juani ni udongo tu.

Ukitaka kumwonyesha mwanao ukubwa wa jambo hili, mpeleke Ziwa Nakuru. Heroe wadogo (ndege waitwao flamingo) waliowaleta watalii hapa miaka mingi hula zaidi kiumbe cha kijani kinachoitwa Arthrospira, na hicho ni bakteria, japo watu hukiita mwani. Hata rangi yao ya waridi hutoka humo. Maji ya ziwa yalipopanda baada ya 2010 na magadi yakazimuliwa, Arthrospira ilipungua, heroe wengi wakahamia Bogoria, na waendesha gari za watalii wakahisi mfukoni. Na katika maziwa hayo hayo ya magadi, wanasayansi walichukua bakteria ambao kampuni ya ng'ambo ilitumia vimeng'enya vyao, yaani kemikali zao za kuvunjavunja vitu, kufifisha jinzi viwandani. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilijitokeza kudai Kenya ipate sehemu yake. Nalitaja hili kwa sababu linaniuma. Tumefundishwa kuvimwagia dawa vitu ambavyo wengine wanavijia kwa ndege.

Sasa, mambo ambayo usiyafanye kwa kusoma maandishi yangu. Ikiwa pH ni 7, bomba halivuji, na bado hakuna gesi, kuba lako huenda lina ufa, na hiyo ni kazi ya fundi aliyesomea mitambo. Usiingie mtamboni, wala usimruhusu kijana yeyote kushuka "dakika mbili tu" kutoa tope lililoganda. Ndani hakuna oksijeni, na ile gesi ya mayai yaliyooza, ikizidi, huiua pua kwanza ili usiinuse tena, kisha humwangusha mtu kwa pumzi chache. Anayeshuka kumwokoa humfuata. Hilo ni la fundi mwenye vifaa, mtambo ukiwa umefunguliwa na kupitishwa hewa.

Kiwele kikirudi kwa ng'ombe yule yule, mwite daktari wa mifugo achukue sampuli ya maziwa ipimwe kabla ya sindano nyingine. Dawa ya kubahatisha kutoka agroveti, duka la dawa za mifugo, huweza kukuletea hasara mara mbili, kwa maziwa na kwa gesi. Na kabla ya msimu wa kupanda, pima udongo. KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, wako Njoro, na ofisi ya kilimo ya wadi itakuelekeza jinsi ya kuchukua sampuli. Matokeo hayo ndiyo yatakayokuambia tope liende shamba gani na mbolea ya dukani ipunguzwe kiasi gani.

Viazi vilivyooza, kwa sasa, viwe mboji. Mtambo ukishapona na moto ukakaa imara mwezi mzima, unaweza kuurudishia maganda, lakini kopo moja la kilo mbili kwa siku, yaliyokatwakatwa, yakichanganywa na kinyesi. Mwanao na apime kila Jumamosi, saa ile uliyokuwa ukimwaga Jik, na aandike kwenye daftari: pH, rangi ya moto, dakika ambazo sufuria ya lita tano ilichukua kuchemka. Niandikie baada ya wiki tatu ukiwa na daftari hilo.